Rimu za Mkwe

Rimu zilikuwa nzuri, hilo tusidhulumiane. Inchi kumi na tisa, nyeusi katikati, ukingo unang'aa kama sufuria ya shughuli iliyosuguliwa kwa majivu, na tairi zake nyembamba zimekwishavishwa. Haidar alizileta kwa Fundi Kibwana Jumatano baada ya adhuhuri, mbili kwenye buti na mbili kwenye kiti cha nyuma cha Mark X yake nyeupe, akazishusha mwenyewe moja moja, hataki mtu aziguse. Ndoa ilikuwa Jumamosi. Alikuwa anamwoa Adila, binti wa pekee wa Kibwana, kwa hiyo asingeweza kuzipeleka kwa fundi mwingine hapa mjini. Watu wangeuliza kulikoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko Lugoba wote salama?"

"Salama, baba. Shangazi anakusalimu sana."

Kibwana alizipokea salamu, akajifuta mikono. Gereji yake pale Nianjema ilikuwa bati nane juu ya nguzo sita, kompresa moja, jeki mbili na benchi, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa akifungua na kufunga magurudumu ya watu. Aliinua rimu ya kwanza, akaigeuza, akatazama namba zilizochongwa nyuma yake. Akaiweka chini, akaitazama ya pili. Kisha akaenda kuchukua kipimo chake cha chuma, akapima kutoka tundu hadi tundu, akarudia kupima, japo mara ya kwanza ilikuwa imetosha.

"Umezinunua wapi?"

"Dar, baba. Kuna jamaa anauza zilizotumika, zinatoka Ulaya. Nimezihangaikia mwezi mzima. Kulikuwa na za dhahabu, kulikuwa na zenye vijiti kumi, mimi nikasema hizi ndizo. Gari ikizivaa hizi utadhani imeshuka bandarini leo."

"Matundu ni matano na bolti za gari yako ni tano," Kibwana alisema polepole. "Lakini matundu haya yamekaribiana zaidi. Milimita mbili na ushee. Hizi si za gari hii, mwanangu."

"Milimita mbili tu, baba?"

Asiyejua magurudumu ndivyo asemavyo. Milimita mbili kwenye mlango, seremala anapiga randa yaishe. Kwenye gurudumu maana yake ni kwamba nati haitakaa kitako. Itang'ang'ania upande mmoja, itaikunja bolti, na kila gurudumu linapozunguka itajilegeza kidogo, kidogo tena, mpaka siku yake. Kibwana aliyaeleza hayo yote kwa sauti ya chini, macho yake kwenye rimu, si kwenye uso wa kijana. Mkwe hakemewi. Huku kwetu mtu anaweza kumtukana ndugu yake wa tumbo moja asubuhi na jioni wakala sahani moja, lakini neno kali kwa mkwe hukaa miaka.

Na Haidar naye alilelewa. Hakubisha hata kidogo. "Sawa, baba," alisema. "Nimekuelewa, baba." Kisha akakuna kichwa. "Basi nizipeleke Dar kesho. Kuna wale wanaofunga kila kitu."

Kibwana alimwomba asubiri kidogo, akaingia ndani.

Nyumba ilikuwa nyuma ya gereji, zikigawana ua mmoja. Adila alikuwa chumbani, siku ya tano haoni jua, anasuguliwa singo ya maharusi na mikono yake ina hina hadi viwikoni, wanawake wanacheka naye kwa mambo ya kike. Mkewe Kibwana, Mwanamkasi, alikuwa uani anachambua mchele. Alikuwa amesikia kila neno. Bati halizuii sauti.

"Unamkatalia?"

"Haziingii, Mama Adila."

"Haziingii kabisa, au zinaingia kwa taabu?"

Ewe mama we! Swali lilimpata penyewe. "Zinaingia kwa taabu," alikiri.

"Basi." Mwanamkasi aliuweka ungo chini. "Umeisahau siku ya posa, wewe?"

Nani angeisahau? Siku ile Bi Kuruthumu, shangazi aliyemlea Haidar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Lugoba, alikaribishwa kiti chenye mto uliofuliwa asubuhi hiyo hiyo. Akaitandua kanga yake ya juu, akaitandika juu ya mto, ndipo akakaa. "Msinione vibaya," alisema, "nyumba ya fundi haikosi grisi." Watu wakacheka. Mwanamkasi naye akacheka, tena kwa sauti, kisha akaenda jikoni akalia, akasingizia moshi.

"Sanduku wameleta wao," alisema sasa, akihesabu kwa vidole. "Ng'ombe wametoa wao. Maturubai wamekodi wao, hadi sahani. Kitu kimoja tu, Baba Adila, kimoja ambacho mtoto huyu anaweza kukipata kwako asikipate dukani kwao. Ukikataa wewe na fundi wa Dar akafunga, Bi Kuruthumu atasemaje? Atasema hata hako kakazi kenyewe hakajui."

Kibwana alisimama pale uani akijiambia kwamba heri afunge yeye kwa uangalifu kuliko akafunge mtu wa kugonga kwa nyundo. Maneno hayo yalikuwa na sura ya busara. Binadamu akitaka kufanya kosa hakosi busara ya kulivika.

"Nitakufungia," alimwambia Haidar aliporudi. "Lakini nisikilize, mwanangu. Hizi ni za kupigia picha. Utatembea nazo hapa hapa mjini, tena polepole. Rimu zako za zamani nabaki nazo. Jumamosi asubuhi nilete gari nizirudishie, ndipo muende Lugoba. Njia ya Msata usiiguse na hizi. Umenisikia?"

"Sawa, baba."

"Hata ukichelewa namna gani, ulete."

"Sawa, baba. Na kazi ni shilingi ngapi?"

"Mkwe hatozwi," Kibwana alisema, na kwa mara ya kwanza tangu mahari ipokelewe alijiona mtu.

Kazi ilimchukua hadi alasiri. Alikaza kwa msalaba, nati ya juu kisha ya chini, kidogo kidogo, akirudia. Kila alipofika mzunguko wa mwisho alisikia chuma kikilia ndani ya spana, kilio chembamba ambacho siku nyingine kingemfanya afungue kila kitu na kumrudishia mteja mali yake. Aliegemea spana kwa uzito wake wote. Bolti zikapinda kidogo, rimu ikakaa. Gari liliposhushwa chini, wapita njia walisimama. Likaonekana pana, limekaa chini, limejaa. Haidar alilizunguka mara tatu na simu yake akipiga picha.

"Baba," alisema, "wewe ni fundi!"

Neno hilo hilo Bi Kuruthumu alikuwa amelitema siku ya posa. Sasa lilikuwa sifa, na Kibwana alilibeba kifuani hadi usiku.

*

Jumamosi alfajiri, alipotoka tu msikitini, Kibwana alizipanga rimu za zamani nje ya gereji, akaweka jeki tayari na nati zake kwenye kopo. Saa mbili hakuna gari. Saa tatu akapiga simu.

"Nipo kwa kinyozi, baba. Nakuja sasa hivi."

Saa nne na nusu: "Shangazi kanituma kuchukua maua, baba. Nikitoka hapa ni kwako moja kwa moja."

Saa sita simu ilipokelewa na mtu mwingine, ngoma zinalia nyuma yake, akasema bwana harusi anavaa. Kibwana alitaka kusema jambo hilo ni la hatari, linahusu roho za watu. Akasema, "Basi mwambie baba yake alipiga." Akaenda kuoga, akavaa kanzu mpya aliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo.

Ndoa ilifungwa msikitini baada ya adhuhuri, na Kibwana mwenyewe alimshika Haidar mkono akamwozesha. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumnong'oneza, lakini pembeni yao walikuwepo shehe na wazee wa Lugoba, na mkono wa bwana harusi haushikwi kwa maneno ya nati. Walipotoka, Haidar alipanda gari la wenzake. Mark X ilikuwa bado inapambwa.

Ililetwa mlangoni kwa Kibwana baada ya alasiri, beni mbele, vigelegele nyuma, imefunikwa utepe na maua. Kibwana alikuwa amesimama barazani na wageni. Wengine walisikia tarumbeta. Yeye, chini ya tarumbeta zote, alisikia mlio mdogo kwenye gurudumu la mbele la kushoto, tik, tik, tik, ukienda na mzunguko.

Hakumwambia mtu. Alikwenda gereji, akarudi na spana, akapiga magoti kwenye mchanga na kanzu yake nyeupe, akaipachika spana kwenye nati ya kwanza. Ikageuka nusu mzunguko bila yeye kutumia nguvu. Nusu mzunguko! Ya pili vile vile.

"Subhanallah!" Ilikuwa sauti ya Bi Kuruthumu, juu ya kichwa chake. "Baba bibi harusi, unafanya nini huko chini?"

"Nati zimelegea, dada. Nipeni saa moja tu, nibadili rimu. Zile za zamani zipo pale."

"Saa moja! Gari ya harusi ipigwe jeki mlangoni kwa bibi harusi? Mkosi gani huu mnatuletea?" Aligeuka kwa shoga zake. "Jamani, kazi ikishamwingia mtu mwilini! Fundi, gereji itakuwepo kesho. Leo tupe mtoto wetu twende."

Watu waliangua kicheko. Simu tano au sita zilikuwa juu, zinapiga picha, na Kibwana alijiona jinsi anavyoonekana: mzee wa miaka hamsini na nane, kanzu ina doa jeusi gotini, matako yameelekea wageni. Alimtafuta Haidar kwa macho. Kijana alikuwa amesimama kwenye mlango wa dereva na joho lake, kwani alikuwa amekataa katakata mtu mwingine asimwendeshee mnyama wake.

"Mwanangu, tulikubaliana."

"Ni kweli, baba. Samahani sana, baba. Nitakwenda polepole, na kesho asubuhi nakuletea. Wallahi."

Ndipo Mwanamkasi akaja, akamshika mkono wa kanzu. "Inuka, Baba Adila," alimnong'oneza, huku anatabasamu kwa ajili ya watu. "Inuka, nakuomba. Wanakupiga picha. Usimwaibishe mtoto siku yake."

Nati ya tatu, ya nne na ya tano zilikuwa bado. Kibwana aliinuka.

Hapo hapo vigelegele vikapanda na Adila akatolewa, amefunikwa shela ya kijani, ananukia udi. Alisimama mbele ya baba yake, akaubusu mkono wake wenye mafuta bila kuuangalia.

"Niwie radhi, baba."

"Nimekuwia radhi, mwanangu. Mungu akutangulie."

Alimfungulia mlango wa mbele kwa mkono wake mwenyewe. Alimwinulia pindo la nguo lisikanyagwe. Akaufunga mlango, akaubana ili asikie umeshika. Bi Kuruthumu akapanda nyuma. Gari likaondoka, na mlio ule akausikia mpaka kona ya Makofia.

*

Angeweza kupanda pikipiki akawafuata. Nalisema kwa sababu yeye mwenyewe amelisema mara nyingi tangu siku ile. Angeweza kupiga kelele, angeweza kulala mbele ya tairi. Alirudi barazani, akakaa, akaletewa pilau. Watu walimpa mkono wa hongera. Alimpigia Haidar mara nne. Simu ilikuwa inatumika, kwa sababu marafiki walikuwa wanampongeza. Akapiga hesabu: sasa wako Makurunge, sasa wamevuka daraja la Ruvu. Kama wamevuka daraja, alijiambia, basi huenda wakafika. Akaanza hata kujiona mjinga kwa hofu yake.

Saa kumi na mbili kasoro robo simu yake iliita. Namba hakuijua. Alikuwa mwuza mananasi wa Kiwangwa.

Gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka peke yake, likalitangulia gari, likaingia shambani. Gari likakokota tumbo kwenye lami na kujipigiza kwenye ukuta wa kalvati, upande alioketi bibi harusi. Bi Kuruthumu alivunjika mkono. Haidar hakupata hata mchubuko, hata kilemba hakikumwanguka. Adila ilibidi wanakijiji wamtoe kwa mtalimbo, kwa sababu bodi ilikuwa imemfumbata mguu chini ya goti. Wauza mananasi walimfunika na shela yake mwenyewe.

*

Asubuhi ya Jumapili, kwenye ukumbi wa hospitali, askari wa barabarani aliketi na daftari lake. Watu wa Lugoba walikuwa upande huu wa benchi, Kibwana na mkewe upande ule. Daktari alikuwa amekwisha kupita na kusema neno lake: mguu haufai, unakatwa saa nne.

"Nani alifunga rimu hizi?" askari aliuliza.

Haidar aliitazama sakafu. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia usiku kucha, na siwezi kusema kwamba hakumpenda mkewe. "Baba mkwe," alisema. "Yeye ndiye fundi. Mimi si fundi."

Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Mwanamkasi alimkanyaga mumewe mguu. "Sema," alimwambia bila kufungua meno. "Sema ulimkataza. Sema alikuahidi kuzirudisha. Nilisikia mwenyewe."

"Mzee?" askari alimgeukia.

Kibwana alimwangalia kijana aliyeinamisha kichwa, akakumbuka kwamba huyo sasa ndiye mume wa mtoto wake, mtoto ambaye saa nne angekuwa na mguu mmoja. Akiudhiwa akamwacha, nani atamtaka? "Kazi ni yangu, afande," alisema. "Nilifunga mimi."

"Zilikuwa za gari ile?"

"Hazikuwa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Askari aliandika, akamwambia Jumatatu aripoti kituoni na gereji isifunguliwe. Bi Kuruthumu, mkono umefungwa shingoni, alisema kwa sauti ya kusikika, "Si mnaona?" Haidar hakuinua uso. Na Kibwana, katikati ya msiba ule, alihisi kitu kinachofanana na fahari, kwamba amemstahi mkwe mbele ya watu. Heshima nyingine, jamani, ni woga uliovaa kanzu.

Ndipo muuguzi akatoka, akasema mgonjwa anamtaka baba yake.

Adila alikuwa amelala chali, hina yake bado imekolea viganjani. Uso wake ulikuwa umesafishwa, isipokuwa wanja uliobaki pembeni mwa macho. Mwanamkasi aliingia nyuma ya mumewe, akasimama miguuni pa kitanda, mahali ambapo shuka ilikuwa imeinuliwa kwa fremu ili isiguse. Kibwana alianza kumsomea dua. Binti alimsubiri amalize.

"Baba. Wanasema jana ulikuwa chini ya gari kabla sijatoka."

"Ndiyo, mwanangu."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Kumdanganya askari kungekuwa rahisi kuliko kumdanganya huyu. "Nati zilikuwa zimelegea."

"Zote?"

"Nilizishika mbili. Zile nyingine sikufika."

"Kwa nini hukufika?"

"Shangazi yenu alisema tunachelewa. Watu walikuwa wengi, mwanangu. Walikuwa wanapiga picha. Mimi niko chini vile, na kanzu..." Maneno yalikuwa yametoka na sasa yalikuwa yamekaa hapo chumbani, yeye na mkewe na mtoto wanayasikia.

Adila alimtazama. Hakulia. Heri angelia.

"Ulijua linaweza kutoka."

"Nilijua."

"Ukanifungulia mlango."

"Adila..." mama yake aliingilia, "baba yako alitaka kukaza, ni mimi niliyemwinua, ni mimi, mwanangu, nilikuwa..."

"Wangemcheka," Adila alisema, kama anayemsaidia mama yake kumaliza. "Basi. Wangemcheka tu, tungekwenda saa moja baadaye."

Nje gari la wagonjwa lilikuwa linarudi nyuma, mtu anapiga bodi kwa kofi kulielekeza. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika arobaini.

"Mama," alisema Adila, na akaugeuzia uso wake ukutani, "watakapokuja kunichukua sitaki kumwona mtu. Tokeni."

Mwanamkasi alikwenda kuegemea dirisha la ukumbi, akajifunika kanga uso mzima. Kibwana alisimama mlangoni akisubiri kuitwa tena. Hakuitwa. Mwishowe miguu ilimchoka, akaenda kwenye benchi walipokaa watu wa Lugoba, na wao, Bi Kuruthumu na Haidar na wote, wakasogea wakampisha akae kati yao.